Askari aliuliza kabila la binti yangu, nikakosa jibu

Mwaka 2024 mwezi wa nne binti yangu aliibiwa simu kwenye daladala, alikuwa anatoka Igoma, anashuka Mabatini ndo anashtuka mkoba uko wazi. Alikuwa na miaka 17 kwa hiyo nikaenda naye kituoni kutoa taarifa. Askari aliyetupokea alikuwa mstaarabu kabisa, akachukua karatasi akaanza kuandika maelezo kama wanavyoandikaga siku zote, jina, umri, kabila, dini, kazi, anapoishi. Jina akajibu. Umri akajibu. Kufika kwenye kabila binti akanyamaza, akanigeukia, "Eti mama, mimi kabila gani?"

Nikafungua mdomo na hakuna kitu kilichotoka. Afande anasubiri, kalamu iko juu ya karatasi, nyuma yetu kuna foleni ya watu, na mimi mama mzima niliyemzaa huyu mtoto natafuta neno moja tu la kumpa. Mwisho akajibu mwenyewe, "Andika Msukuma." Ikaandikwa, tukamaliza, tukaondoka.

Njiani hakuongea. Tulivyofika nyumbani akaniambia, "Mama nimejisikia kama nimedanganya polisi. Nimesema Msukuma na hata salamu yao sijui kuijibu."

Hilo neno lilinikaa wiki nzima. Nimeamua kuliandika hili jambo lote kama lilivyo kwetu, kwa sababu najua nyumba nyingi hapa Mwanza zipo hivi hivi.

Mimi nimezaliwa Ukerewe mwaka 1979. Babu mzaa baba alivuka na mtumbwi kutoka Majita kabla baba hajazaliwa, alifuata shamba na uvuvi kama walivyofanya Wajita wengi sana, ndo maana hadi leo Ukerewe unakuta Kikerewe, Kijita na Kikara vinaishi pamoja kisiwani. Mama yangu ni Mkerewe wa hapo hapo. Kijijini sisi tulikuwa tunaitwa "wale Wajita", nyumba ya Wajita, ng'ombe wa Wajita, ingawa mama yetu alikuwa mtoto wa kijiji na babu alishazeeka na kuzikwa pale pale. Hakuna aliyetutesa, lilikuwa jina tu, ila mtoto analibeba.

Sasa nikiwa na miaka tisa baba akanichukua kwenda msibani Majita, tukavuka Rugezi kwenda Kisorya, tukazunguka na gari huko Bunda mpaka tukafika. Mimi nilienda nimefurahi maana moyoni najua ndo naenda kwetu, kwa Wajita wenzangu. Jioni ya kwanza tu watoto wa baba mkubwa wakaanza, "Mkerewe njoo hapa", "Mkerewe kachote maji". Nilivyofungua mdomo kuongea Kijita changu wakacheka mpaka wakakaa chini kwa sababu maneno yangu nusu yalikuwa ya mama. Nikaenda kumlilia baba. Baba akaninyanyua akaniambia tu kwamba hata yeye walimwita hivyo alipokuja mara ya kwanza, na kwamba babu yangu, aliyezaliwa kwenye mji ule ule, alipokuja kusalimia uzeeni na yeye walimwita hivyo hivyo, "Mkerewe kaja".

Nilipokuja Mwanza mjini 1997 kufanya kazi kwa shangazi pale Kirumba, nikawa Mkerewe moja kwa moja bila maelezo. Mwaloni pale, kwenye soko la samaki, mtu akishasikia umetoka kisiwani wewe ni Mkerewe, awe Mjita, awe Mkara, hawana muda. Halafu 2011 nikaanza kupeleka dagaa Dar, na huko nikafika nikawa Msukuma. "Msukuma dagaa bei gani?" Nikawa naeleza mwanzoni, hapana mimi sio Msukuma, mimi natoka Ukerewe, wananiangalia tu, kwao ukitoka Kanda ya Ziwa ni Msukuma basi. Mara ya nne sikueleza tena. Nilikuwa naitika.

Kwa hiyo ukihesabu, bila kubadilika hata unywele nimeshakuwa Mjita, Mkerewe na Msukuma, inategemea nimesimama wapi na anayeniita amesimama wapi. Nilidhani hayo ni ya watu wa visiwani tu, mpaka baba mkwe wangu aliponifungua macho.

Mume wangu kwao Bariadi. Mjini anajiita Msukuma na kila mtu anamwita Msukuma, ila siku ya kwanza nimepelekwa kwao nikasikia wanasema wao ni Wanyantuzu. Nikamuuliza baba mkwe, mzee mtaratibu sana anayependa kuulizwa, baba kwani Mnyantuzu na Msukuma si kitu kimoja? Akainuka kwenye kiti, akaniita nje. Akasimama uwanjani akanyoosha mkono upande wa kaskazini akasema huku ni sukuma. Akageuka kusini, huku ni dakama. Mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli. Yaani sukuma maana yake ni kaskazini! Ni upande. Wanyamwezi wa kule kusini ndo walikuwa wanawaita hawa wa juu watu wa kaskazini, na hawa nao ukimwita mtu Msukuma zamani alikuwa anaweza kukuonyesha mwenzake aliye kaskazini zaidi yake akasema yule ndo Msukuma.

Akaniambia baba yake yeye alizaliwa Mnyantuzu, hakuwahi kujiita kitu kingine. Enzi za mkoloni akaenda Tanga kwenye mkonge kama manamba. Kule wamechanganywa na watu wa kila pembe, nani anajua Ntuzu ni wapi? Wakawaita wote wa kutoka huku Wasukuma. Aliporudi baada ya miaka kadhaa alirudi na baiskeli, shuka mbili na jina jipya, "kaenda Mnyantuzu karudi Msukuma," ndo maneno ya mzee. Na leo hilo jina la upande wa dira ndo kabila kubwa kuliko yote Tanzania, watu mamilioni, na ni kabila kweli, lina ngoma zake na sheria zake na heshima zake. Sisemi ni la uongo. Nasema lilikua, kama mtu anavyokua.

Sasa ngoja niseme la ng'ombe, maana hapa ndo binti yangu anapoingia.

Tulipooana 2006 mahari ilikubaliwa ng'ombe kumi na mbili. Zikatolewa tano, mambo yakawa magumu, zile saba zikabaki. 2007 binti akazaliwa. Baba yangu akaja Mwanza kumuona mjukuu, akampakata, akasema kwa sauti ya upole kabisa mbele ya mume wangu, "Huyu ni wa kwangu mpaka ng'ombe zitimie." Mimi nikaona aibu nikidhani mume wangu atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Akasema ndiyo baba, hata kwetu ni hivyo. Na ni kweli, kwa Wasukuma mtoto ambaye ng'ombe hazijatoka anahesabika upande wa mama yake, baba akimtaka anamkomboa. Kwa hiyo kwa wazee wa pande zote mbili, binti yangu kwa miaka mitano alikuwa mtoto wa ukoo wetu sisi, yaani Mjita kwa baba yangu. 2012 zile saba zikapatikana, zikapita Bunda, zikavushwa Kisorya, na kuanzia siku ile wazee wakakubaliana mtoto ni wa Bariadi. Alikuwa darasa la awali, hana habari, anacheza rede. Mdogo wake wa kiume kazaliwa 2013, yeye amezaliwa ng'ombe zimeshatimia, hana utata.

Mtu wa leo anaweza kusema hayo ni ya kizamani. Mimi naona wazee walikuwa wakweli kuliko sisi. Sisi tunasema damu, damu, kana kwamba damu inaongea yenyewe. Wao walijua kwamba mtoto kuwa wa nani ni jambo la watu kukaa, kukubaliana, kutoa kitu na kushuhudia.

Na lugha je?

Kwetu nyumbani baba alituongelesha Kijita, mama Kikerewe. Hizi lugha zinasikilizana kiasi ila sio moja. Mfano mdogo ambao mimi ndo unanikumbusha utoto wangu wote: mtu, binadamu, mama anasema *omuntu*, baba anasema *omunu*. Hata majina ya lugha zenyewe, mama anasema Ekikerebe, baba anasema Echijita, ile ki na chi. Sisi watoto tukawa tunasikia zote na kujibu kwa Kiswahili, maana Kiswahili hakikuwa na upande, ukijibu kwa Kiswahili hujamchagua baba wala mama. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo.

Halafu shule. Shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili toka 1967 na sijui kama kuna kitu kimeijenga nchi hii kama hicho, nasema kwa moyo wote, zaidi ya makabila 120 na tunazikana, tunaoana, tunagombania bei ya dagaa bila mkalimani. Lakini shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba. Ukisikika unaongea kilugha unavishwa shingoni, unakivaa mpaka umkamate mwenzako naye anaongea ndo unamvisha yeye, na atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Mimi nilikivaa mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimejikwaa kidole kikang'oka kucha na nikamwita mama, kwa Kikerewe, kwa uchungu. Mwenzangu akanivisha nikiwa bado natoa damu. Toka siku ile nilijifunza kuumia kwa Kiswahili.

Mwaka tuliohamia Mabatini na binti akiwa mchanga tulipanga chumba kwenye nyumba ya familia sita, Wahaya, Wakurya, Waha, sisi, na wengine. Watoto wote uwanjani ni Kiswahili. Mume wangu akaniuliza mara moja tu, huyu tumuongeleshe nini? Tukiongea mimi na yeye ni Kiswahili maana mimi Kisukuma sijui na yeye Kijita hajui. Nikasema Kiswahili, atafanya vizuri shule, hayo mengine atayapata mbele ya safari. Nilijibu nikiwa nafua, hata sikugeuka. Ni uamuzi ambao haukuchukua dakika moja na ukakata kitu kilichokuwa kinatiririka toka kwa wazee wa wazee wangu. Nilikosea. Niliamini kwamba yeye ni damu yetu, kwa hiyo itakuja tu. Haiji tu.

Nimelijua hilo kwa sababu ya mdogo wake.

2020 mama mkwe alikuja kukaa kwetu kwa matibabu, akakaa miezi mitano. Kiswahili anasikia ila kuongea anachoka haraka, anarudi kwenye Kisukuma chake. Binti wakati huo ana miaka 13, ana masomo, ana marafiki, anamsalimia bibi shikamoo anapita. Yule wa kiume alikuwa na miaka saba na shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona. Akawa hana pa kwenda. Akawa anashinda na bibi yake kwenye mkeka nyuma ya nyumba. Bibi alikuja na mfuko wa matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, vigumu kama kijiti, mtoto anavinyonya huku bibi anachambua choroko. Bibi anatenga punje, ibili, idatu, inne, itano. Mtoto anarudia. Akikosea bibi hasemi kitu, anaanza upya tu. Mimi napita na beseni nasikia, naona ni kamchezo.

Desemba 2022 tukaenda Bariadi wote. Tunashuka kwenye gari kuna wazee wamekaa chini ya mti. Yule mtoto kajitoa mbele bila kutumwa, kasimama, kasalimia kwa Kisukuma, "Mwadila guku!" Jamani. Wale wazee waliinuka. Mmoja akamjibu akamuuliza swali, mtoto akajibu, akaulizwa lingine akajibu na hilo, la tatu likamshinda akacheka nao wakacheka. Wakasema huyu ni Mnyantuzu, tena Mnyantuzu kabisa. Siku nne zote alikuwa anatembezwa mji kwa mji, kapewa kuku wawili.

Dada yake alisimama nyuma yangu. Akasema shikamoo, wakamjibu marahaba kwa Kiswahili, vizuri tu, kwa upendo. Wakamuita "mtoto wa mjini". Mmoja akasema huyu kafanana na kwa mama yake kule Ukerewe. Baba mmoja mama mmoja, ng'ombe zote kumi na mbili zimetolewa kwa ajili yao, na bado mmoja kapewa kabila langoni na mwingine kapewa kiti cha mgeni. Usiku ule aliniuliza kama anaweza kulala chumba changu. Niliona ni baridi tu inamsumbua.

Miezi minne kabla ya safari hiyo tulikuwa tumehesabiwa sensa, na karani hakuuliza kabila. Huwa hawaulizi. Sensa ya mwisho kuuliza kabila Tanzania ilikuwa ya 1967, na baba yangu anaikumbuka maana alikuwa kijana. Karani alipofika kwa babu Ukerewe babu akasema aandikwe Mkerewe. Baba akashangaa, akamuuliza mzee mbona hivyo? Babu akamjibu kwamba shamba lake liko hapa, mke wake kamuoa hapa, watoto wake amewazika hapa, anayetaka Mjita aende kwa kaka yake ng'ambo. Na ng'ambo kule kaka yake, tumbo moja, kaandikwa Mjita. Ndugu wawili, makabila mawili, kwenye hesabu moja ya serikali. Mimi naona nchi ilifanya vizuri kuacha kuuliza, sitaki turudi huko tukahesabiane nani wengi. Ila kutokuulizwa na serikali ni tofauti na mtoto kutoulizwa na mama yake.

Kuna mama mmoja huwa anakuja Mwaloni kununua dagaa, anatoka upande wa Kenya, kisiwa cha Mfangano. Simu zake zote anaongea Kijaluo, kwa hiyo miaka yote mimi namuita Mjaluo wangu. Siku moja tumekaa tunasubiri mzigo upimwe nikamwita hivyo mbele ya watu. Akaweka kalkuleta chini. "Dada, mimi si Mjaluo. Mimi ni Msuba." Nikamwambia lakini unaongea Kijaluo. Akasema ndiyo, naota pia kwa Kijaluo, ila mimi ni Msuba. Akanieleza wazee wao walikuja na mitumbwi toka upande wa Uganda huko, Wabantu kama sisi, wakakaa visiwani, wakaoana na Wajaluo kizazi hadi kizazi mpaka Kijaluo kikaingia ndani ya nyumba. Bibi yake alikiongea Kisuba, mama yake anakisikia, yeye ana maneno machache. Wachache bado wanakiongea Mfangano, wazee zaidi. Lugha imebadilika, jina limekataa.

Nilimuuliza, sasa unajuaje kama wewe ni Msuba? Hakukasirika, akafikiria kweli. Akasema, "Kwa sababu mama yangu aliniambia kila siku."

Mimi sikuwa nimewaambia wanangu hata siku moja.

Mchana ule ule akanikaribisha chakula, kwa mama ntilie alikuwepo kamongo wa kukaanga. Nikamwambia huyo mimi hapana, naomba dagaa. Unajua kamongo? Yule samaki mrefu laini kama nyoka mnene, anapanda juu kupumua hewa, maji yakikauka anajifukia kwenye tope anaishi. Kwetu haliwi. Ni muzilo, mwiko wa ukoo wa baba, hata chungu alichopikiwa hatutumii. Akaniuliza kwa nini, nikagundua sijui, baba alisema hatuli na baba yake alisema hatuli. Kijana mmoja wa mtumbwi anayetokea Uganda akadakia akasema kwao Baganda kuna ukoo mkubwa unaitwa Mmamba, na mmamba ndo huyo huyo kamongo, na wao hawamgusi. Sitaki kusema kwamba kwa hiyo sisi ni ndugu, sijui, miko inafanana sehemu nyingi ziwani humu. Lakini nilivyorudi nyumbani nilimuuliza binti, bila kumwambia sababu, kama ameshawahi kula kamongo. Akasema, "Mama si ulisema hatuli?"

Nilikaa chini. Lugha mbili nilizolelewa nazo sikumpa hata moja. Jina la kabila nilimwacha alitafute mbele ya askari. Na bado kumbe kuna kitu nilimpa bila kukusudia, siku moja jikoni nilisema hatuli, akakishika.

Ndo nikapata pa kuanzia. Desemba 2024 nikampeleka kwa bibi yake Ukerewe, wiki tatu, mimi nikarudi mjini kwenye biashara nikamwacha. Nilimpa kazi moja, arekodi kwenye simu bibi akitaja samaki wa ziwani. Nilichagua samaki kwa sababu bibi yake akianza samaki hanyamazi. Nilipoenda kumchukua akanisikilizisha. Bibi anataja furu, sio furu tu, furu wa aina sijui ngapi, kila mmoja na jina lake, mwekundu mkiani, wa mawe, wa matete, mengine hata mimi sijawahi kuyasikia. Sangara walipoletwa ziwani enzi za mkoloni walikuja kuwala wale furu, kufika miaka ya 80 wengi wakawa hawaonekani, na mimi nimekua wakati huo huo. Kumbe majina yalizama na wenyewe. Kwenye rekodi unasikia binti anauliza, "Huyu yukoje bibi?" na bibi anakaa kimya kidogo halafu anasema, "Huyu alikuwa mtamu."

Tulirudi na meli, tumekaa nje maana ndani joto. Binti kaweka rekodi sikioni anarudia rudia chini chini. Kafika kwenye neno ambalo bibi alimfundisha mwishoni, *omuntu*, analisema, analirudia, omuntu, abantu. Kulikuwa na mama mtu mzima pembeni yetu na kapu la machungwa, akawa anamsikiliza muda mrefu tu. Mwisho akashindwa.

"Binti, sio hivyo. Ni omunu."

Binti akatoa kisikio. Mimi nikataka kuingilia nieleze, nikajizuia, nikaangalia maji.

"Shikamoo mama," binti akasema. "Omunu ni kwa babu. Omuntu ni kwa bibi."

Yule mama akageuka vizuri akamwangalia, akasogeza kapu. "Marahaba mwanangu. Babu yako wa wapi?"

"Majita. Alivuka baba yake babu, na mtumbwi." Akasimama kidogo, akaniangalia, nikamwachia. "Halafu baba yangu ni Mnyantuzu."

"Hee. Kaa hapa," yule mama akasema, akachukua chungwa akaanza kulimenya. "Anza na huyo wa mtumbwi."